Daftari la simu lisikukoseshe mnunuzi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mkulima na mfanyabiashara wa leo, daftari la kwanza ni majina yaliyomo kwenye simu yake.

Tatizo ni kulipekua. Lori la nyanya kutoka Ilula, Iringa, limefika Dar es Salaam, mnunuzi aliyeahidi hapokei simu, na mwenye mzigo anahangaika kumtafuta mwingine kati ya akina Juma kumi. Nyanya hazisubiri.

Tunashauri mambo mawili. Kwanza, hifadhi jina kwa kuanza na bidhaa, kisha mahali, kisha mtu: "Nyanya Mabibo Juma". Katika simu nyingi za Android, ukibonyeza 692 kwenye vitufe vya kupigia, yaani N, Y na A, majina yote ya nyanya hujitokeza.

Pili, kama programu ya kupigia iliyokuja na simu yako haina uwezo huo, pakua nyingine, kisha iteue kwenye mipangilio, sehemu ya programu chaguomsingi.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Tangu 2019, Google imezibana programu za Play Store zisisome ovyo kumbukumbu za simu zilizopigwa, lakini ile uliyoiteua kupigia huruhusiwa. Kuiteua ni kuikabidhi orodha ya wateja wako. Usipokee programu iliyotumwa kwa ujumbe, wala ya mtengenezaji usiyemjua. Heri kuchelewa kupata namba kuliko kuanika wateja wako.