Ngazi za Jeshi Vitani: Funzo la Mto Ruvuma kwa Wananchi wa Msimbati

Kila ifikapo tarehe 25 Julai, Taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Katika taarifa rasmi za siku hiyo, kama ilivyo katika taarifa za ulinzi wa mipaka, wananchi husikia maneno kombania, kikosi, brigedi na divisheni. Kwa wakazi wa Msimbati na vijiji vya mdomo wa Mto Ruvuma, maneno hayo yanahusu usalama wao wa kila siku, hivyo ni vyema maana yake ikaeleweka.

Jeshi lililo vitani hupangwa kwa ngazi ili amri moja iwafikie maelfu ya watu bila kupotea njiani. Platuni huwa na askari wapatao 30. Platuni kadhaa hufanya kombania, kombania kadhaa hufanya batalioni, batalioni hufanya brigedi, na brigedi huunganishwa kuwa divisheni. Wananchi waliona mpangilio huo katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Maelfu ya mgambo waliingizwa katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na brigedi zikiwemo ya 201, 207 na 208 ziliunganishwa chini ya Divisheni ya 20, iliyoongozwa na Meja Jenerali David Msuguri katika safari ya kuelekea Kampala.

Hata hivyo, orodha ya ngazi haionyeshi kila kitu. Historia ya ukanda wa kusini inathibitisha kwamba uimara wa kikosi hutegemea pia wale wanaokilisha.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, jeshi la Wajerumani hapa nchini lilikuwa na kombania 14. Kila moja ilikuwa na askari takriban 160, bunduki zake za rashasha, mganga wake na wapagazi wake. Kombania iliweza kutembea na kupigana peke yake porini bila kusubiri makao makuu. Kwa upande wa Waingereza, jeshi la King's African Rifles lilikua kutoka batalioni 3 hadi 22 kufikia mwisho wa vita.

Mapigano yalifika pwani yetu mwaka 1916. Mwezi Aprili Wareno waliitwaa Kionga, ng'ambo ya mdomo wa Ruvuma, na mwezi Septemba majeshi ya Waingereza yaliteremka Mikindani na Lindi. Bandari hizo zilitakiwa kwa sababu moja kubwa: jeshi la nchi kavu lilihitaji mahali pa kupokelea chakula, dawa na risasi.

Mwaka 1917 Jenerali van Deventer aligawa majeshi yake katika safu zilizotoka Kilwa na Lindi. Huko Mahiwa, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba, Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 waliouawa au kujeruhiwa. Von Lettow-Vorbeck alibaki na uwanja, lakini akiba yake ya risasi ilikuwa imekwisha kupungua mno. Tarehe 25 Novemba alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji na watu wachache. Siku chache baadaye safu ya Kapteni Tafel, iliyokuwa ikimfuata, ilijisalimisha kwa kukosa chakula. Ngazi zake zote za amri zilikuwa kamili. Kilichokosekana ni posho.

Mzigo wa posho hiyo ulibebwa na wapagazi. Wanahistoria hukadiria kwamba upande wa Waingereza pekee ulitumia wapagazi wanaofikia milioni 1, na waliofariki hawapungui 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao. Wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Funzo hilo lina uzito leo. Mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, kilishambuliwa na magaidi waliotokea Msumbiji. Vyombo vya ulinzi vipo mpakani, na Msimbati ina hazina ya gesi asilia ya Mnazi Bay inayohitaji kulindwa. Lakini mvuvi anayetoa taarifa ya mgeni asiyefahamika kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti anayeifikisha kwa kamati ya ulinzi na usalama, ni sehemu ya ulinzi huo ijapokuwa hawamo katika orodha ya kikosi chochote.

Aidha, serikali za vijiji zina wajibu wa kuandika kumbukumbu za wazee kuhusu babu zao waliobeba mizigo ya vita. Heshima ya Siku ya Mashujaa itakuwa imekamilika pale itakapowafikia waliobeba silaha pamoja na waliobeba chakula.