Mwizi wa Scooby-Doo haogopi polisi

Leo tuongee katuni. Ndiyo, katuni, wala usinune.

Kuna jamaa hapa kampasi wanasema Scooby-Doo ni ya watoto, eti kila siku ni yale yale: zimwi linatokea, watu wanakimbia, mwisho linavuliwa kinyago na kumbe ni mzee fulani tu. Sibishi, muundo haubadiliki sana. Ila epizodi ya kwanza kabisa ina jambo ambalo sisi tunaosomea ualimu tungelitazama vizuri kabla hatujashika chaki.

Epizodi yenyewe inaitwa What a Night for a Knight. Ilirushwa na kituo cha CBS huko Marekani tarehe 13 Septemba 1969, ikitengenezwa na Hanna-Barbera. Shaggy na Scooby wanatembea usiku wa mbalamwezi, wanakuta pikapu imeachwa njiani. Dereva hayupo. Ndani kuna deraya, yale mavazi ya chuma ya askari wa kale wa Ulaya. Mwenye mzigo ni Profesa Hyde White, mwanaakiolojia kutoka Uingereza, aliyekuwa anaupeleka makumbusho. Profesa katoweka. Pale makumbusho mzee Wickles, msimamizi, anawapa vijana hadithi: mwezi ukiwa mpevu, huyo Black Knight hufufuka na kutembea.

Basi kila mtu anatetemeka. Isipokuwa Velma. Scooby kaokota miwani ya ajabu, na Velma haulizi mzimu una meno mangapi, anauliza miwani hii huvaliwa na nani. Anakwenda maktaba, anafungua kitabu, anapata jibu: ni ya wataalamu kama wanaakiolojia. Kwa hiyo profesa alikuwepo pale! Halafu wanagundua michoro ya ukutani mara haipo, mara imerudi. Mwisho wa yote Black Knight ni Wickles mwenyewe. Alikuwa kwenye genge linaloiba michoro halisi na kutundika ya bandia, na profesa wakamkuta amefungwa kamba humo humo makumbusho.

Sasa hapa ndipo penye nondo. Kwa nini Wickles alimteka profesa? Wageni wangapi walipita pale, wakatazama bandia, wakasema "aisee, mchoro mzuri", wakaenda zao? Hao hawakumsumbua hata kidogo. Aliyemnyima usingizi ni mtu mmoja tu, anayeweza kutazama mchoro akasema huu siyo. Polisi hawamtishi, maana polisi huja baada ya mtu kugundua. Mali ya Wickles ilikuwa kutojua kwetu, na zimwi lilikuwa mlinzi wa hiyo mali.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema katuni hii inafundisha watoto kuamini mizimu. Inafundisha kinyume chake: ukisikia hadithi ya kutisha, muulize anayeisimulia anapata nini ukikimbia.

Na sisi je? Tuseme ukweli, tunadesa. Tunameza pepa za miaka iliyopita, tunazitapika kwenye mtihani, wiki inayofuata kichwani hamna kitu. Mtu mwenye GPA nzuri ya namna hiyo akiingia kwenye yale makumbusho atapiga picha mbele ya bandia akitabasamu. Kisha atasimama darasani mbele ya watoto sitini, nao watajifunza kutabasamu hivyo hivyo. Kina Wickles wa dunia hii hawahitaji tuwe wajinga kabisa, inawatosha tusiweze kutofautisha.

Utasema mwanafunzi hana muda, semina tatu na bumu halijaingia. Sawa, nakuelewa. Lakini angalia Velma hakusoma maktaba nzima. Alikuwa na swali moja la maana akalifuata hadi likajibika. Hilo mwalimu anaweza kulifundisha hata kwenye darasa lisilo na madawati: leta kitu kimoja, waache watoto waulize kimetoka wapi, kimetengenezwa na nani, tutajuaje.

Kila mtu anampenda Scooby, hata mimi, yule mbwa ana vituko. Ila ningependa watoto nitakaowafundisha watoke kina Velma. Anayebisha aje tubishane, ila aje na hoja, siyo na zimwi.