Mbio za baiskeli zirudi mchangani

Ukurasa huu wa afya umezoea kuwaleteeni habari za malaria, minyoo, lishe ya watoto na usafi wa vyoo. Mwezi huu naomba ruhusa niandike juu ya baiskeli, au hasa juu ya mashindano ya baiskeli yanayofanyika katika vijiji na vigango vyetu vya Singida wakati wa kiangazi. Kiangazi cha mwaka 2025 nilishiriki manne. Mimi si mwanamichezo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 48, na katika yote manne nilimaliza karibu na mkia. Lakini aliye mkiani huona mengi ambayo wa mbele hawayaoni, na niliyoyaona yamenipa neno la kusema.

Nilianza kwa kulazimishwa. Mwezi Machi nilipimwa shinikizo la damu, likawa 158 kwa 96. Mganga wa zahanati alinipa vidonge, akaniuliza huwa naendaje shuleni. Nikamjibu, kwa bodaboda. Ni mwendo wa kilometa 6. Hakusema kitu, alinitazama tu. Jioni ile nilikwenda kuishusha Phoenix ya marehemu baba iliyokuwa imetundikwa ghalani. Panya walikuwa wamekula kiti, na tairi zilikuwa zimekauka kama ngozi ya ngoma. Fundi aliifufua kwa siku mbili.

Wiki ya kwanza magoti yaliniuma hata nikafikiri kuacha. Kosa lilikuwa kiti, maana nilikuwa nimekishusha chini ili miguu ifike ardhini vizuri, kama wengi wetu tunavyofanya. Kipimo rahisi ni hiki: kaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa; mguu unyooke. Ukikunjika, kiti ki chini mno na goti litalipa. Nilipokipandisha, maumivu yaliisha kwa siku chache. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mimi niliyapata kwa kwenda kazini na kurudi tu, pasipo kulipa nauli.

Basi mwezi Juni kigango jirani walitangaza mashindano katika sherehe ya msimamizi wao. Vijana wa VIWAWA walinichokoza mpaka nikajiandikisha. Njia ilizunguka kanisa: unateremka nyuma ya shule, unavuka korongo lenye mchanga mkavu, unapanda penye majabali, unapita shamba la alizeti lililokwisha kuvunwa, unarudi mbele ya kanisa. Kilometa 2 na ushei, mizunguko 7. Pale korongoni hakuna aliyeweza kuendesha. Kila mtu alishuka, akaitupia baiskeli begani na kukimbia nayo, na Phoenix yangu ni chuma kinachokaribia kilo 20. Akina mama walikaa juu ya ukingo wakicheka na kupiga vigelegele. Bibi mmoja alinipa pole mizunguko yote saba. Wawili walianguka, wakajifuta vumbi na kuendelea. Tulipomaliza maji yalikuwapo, uji ulikuwapo, na mshindi akapewa jogoo.

Padri mmoja aliyewahi kusoma Ubelgiji alikuwa akitutazama. Alinifuata akaniambia, "Mwalimu, huko nilikokuwa mchezo huu una jina lake, na watu hulipa kiingilio kuutazama." Jina lenyewe ni saiklokrosi. Nimeulizia na kusoma tangu hapo. Ulianzia Ufaransa, ambako mashindano ya kwanza ya taifa yalifanyika mwaka 1902, na ya dunia yalianza mwaka 1950 mjini Paris. Hufanyika majira ya baridi, katika tope, mchanga na vilima, na penye vizuizi au ngazi waendeshaji hushuka na kubeba baiskeli begani. Kisichojulikana na wengi ni umbo la njia yake. Haitoki mji mmoja kwenda mwingine. Ni mzunguko wa kilometa 2.5 hadi 3.5 unaorudiwa tena na tena, na wanaume wakubwa hukimbia kwa muda wa saa moja hivi. Yaani Wazungu hao wanakusanyika na kulipa ili kupata kile ambacho kigango chetu kilipewa bure na korongo.

Tatizo ni kwamba hatukipendi. Tunaona haya kuzunguka kanisa kama watoto; tunataka mbio za "kweli", na mbio za kweli kwetu ni za lami.

Mwezi Julai nilikwenda kwenye hizo za kweli. Mahali nitapanyamazia, na waandaaji pia. Zilikuwa za kilometa 60 juu ya barabara kuu, kwenda na kurudi. Barabara haikufungwa. Malori na mabasi yalipita kama siku zote, na wenzangu wa Singida mnaujua upepo wetu wa kiangazi: unakusukuma kutoka ubavuni, kisha lori linapopita linaukata, halafu linapokwisha kupita unakurudia kwa kishindo. Kabla ya kuanza nilimwona kijana mmoja akigawia wenzake vidonge vya diklofenaki "ili miguu isisikie." Wengine walikunywa vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu, kopo mbili mbili, tumbo tupu. Njiani hapakuwa na maji hata kikombe kimoja.

Karibu na kilometa ya 40 nilikuta kikundi cha watu pembeni mwa barabara. Kijana wa miaka 19, ambaye mama yake ni wa jumuiya yetu, alikuwa amelala chini. Lori lilikuwa limepita karibu naye, akayumba, tairi la mbele likatoka kwenye lami likazama katika changarawe, akaruka mbele na kuangukia kichwa. Hakuwa na kofia ngumu. Hakuna kati yetu aliyekuwa nayo. Alizimia kwa muda wa kama dakika mbili, kisha akaamka akiuliza swali lile lile mara kwa mara: baiskeli iko wapi? Akatapika.

Tulifanya makosa yote. Tulimwinua na kumkalisha. Tulimmwagia maji usoni. Tulimpakia kwenye bodaboda katikati ya dereva na mtu mwingine, kichwa kikining'inia, akapelekwa hospitali hivyo. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyeshika miguu. Aliyeanguka kwa kichwa huenda ameumia na shingo pia. Asisogezwe isipokuwa pana hatari, kichwa na shingo vishikwe vikae sawa na mwili, na ipatikane gari atakamolala kimgongo juu ya ubao au kitu kigumu. Akitapika agezwe ubavuni mwili mzima pamoja, kama gogo. Asipewe chakula wala kinywaji. Na mtu aliyezimia kisha akaamka asirudishwe nyumbani eti amepona. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko nyingine, damu au maji masikioni, hizo ni dalili za kukimbilia hospitali hata kama ni usiku.

Kijana yu hai, tumshukuru Mungu. Lakini mpaka Krismasi alikuwa bado anaumwa kichwa kila jioni na hawezi kuvumilia kelele. Amesimama kujifunza ufundi cherehani. Mshindi wa siku ile alipewa fedha taslimu, tukapiga makofi.

Sitaki mtu anielewe vibaya kwamba nakataza baiskeli. Tangu bodaboda zilipoenea, vijana wetu wameacha kukanyaga pedeli, na sisi watu wazima tumeacha hata kutembea. Matumbo yetu yanashuhudia. Shinikizo langu la damu mwezi Novemba lilikuwa 136 kwa 84, na bado nameza vidonge, kwa hiyo nawaomba wenye ugonjwa huu wasije wakatupa dawa kwa sababu yangu. Tena aliyezidi miaka 40, au mwenye shinikizo, kisukari au maumivu ya kifua, apimwe kwanza kabla ya kushindana. Ninachopinga ni kuwaweka watoto wetu juu ya lami moja na malori, kilometa 30 mbali na mtu yeyote anayewapenda.

Katika mzunguko mfupi mchangani mwendo ni mdogo. Unaanguka mara nyingi, lakini unaangukia mchanga. Kila baada ya dakika saba au nane kila mkimbiaji anapita mbele ya macho ya mama yake na ya muuguzi, na aliyechelewa anajulikana kuwa amepatwa na jambo. Ndoo moja ya maji inawatosha wote, maana maji hayahitaji kusafiri. Kama ni jasho na moyo kwenda mbio, nawahakikishieni kwamba hakuna barabara iliyonichosha kama lile korongo. Mwezi Septemba mwaka huo huo wa 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, nchini Rwanda, kwa mara ya kwanza katika Afrika. Hata hao mabingwa wa dunia walikimbia kwa kuzunguka mji, na barabara zilifungwa magari yasipite. Sasa sisi tuna nini cha kuwashinda wao hata tukimbie katikati ya mabasi?

Wapo watakaouliza Kanisa linahusika vipi na baiskeli. Huko Italia, juu ya mlima karibu na ziwa Como, pana kanisa dogo la Bikira Maria wa Ghisallo, na tarehe 13 Oktoba 1949 Papa Pio XII alimtangaza kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Ndani yake zimetundikwa baiskeli za mabingwa. Kwa hiyo swali hilo lilikwisha jibiwa.

Neno moja juu ya saa. Mashindano ya Agosti yalipangwa kuanza saa 2 asubuhi. Mgeni rasmi alichelewa, hotuba zikafuata, tukaanza saa 6 mchana. Mzunguko wa tano niliona giza, nikahisi kichefuchefu na baridi juani. Nilishuka nikalala chini ya mti. Nilipata nafuu kwa kuloweshwa shati na kupepewa, kisha kunywa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko. Mtu wa namna hiyo akianza kupayuka au asipojibu, asinyweshwe kitu. Apozwe mwili kwa maji mengi huku akikimbizwa hospitali, kwa maana joto limekwisha kufika kwenye ubongo. Wale wanaomeza diklofenaki kisha wakakimbia bila maji wanajiongezea hatari nyingine, ya kuharibu figo. Mgeni rasmi aje kutoa zawadi. Kuanzisha mbio si kazi yake.

Mwezi Oktoba tulijaribu kwetu. Baba Paroko alikubali Misa ya kwanza iwe saa 12, na saa 2 kamili tulikuwa tumeanza, mizunguko 6 kwa wanaume na 4 kwa wasichana. Juu ya wasichana mzee mmoja wa halmashauri alinung'unika sana. Nilimwambia kwamba Kanda ya Ziwa wanawake wanashindana kwa baiskeli tangu zamani, naye akasema hapa si Mwanza. Mjukuu wake akashika nafasi ya pili, na mzee akasahau hoja yake. Walioanguka walikuwa tisa. Muuguzi alikaa korongoni na ndoo, sabuni na bandeji. Vidonda vilioshwa hapo hapo, pasipo majivu wala unga wa betri. Njia ile hupitwa na ng'ombe kila siku, kwa hiyo aliwauliza wote juu ya chanjo ya pepopunda. Akina mama huchanjwa wakiwa wajawazito; wengi wetu wanaume hatukumbuki kama tulichanjwa tena tangu tulipokuwa wachanga. Saba walitumwa zahanati Jumatatu.

Kofia ngumu ndiyo shida iliyobaki. Mimi nilijaribu kuvaa ya bodaboda, nikaivua mzunguko wa pili nusura nichemke. Za baiskeli huonekana mara moja moja kwenye mitumba mnadani. Ukiikuta, itazame ndani, na kama ina ufa au imebonyea iache, kwa maana imekwisha kumfanyia mtu mwingine kazi yake. Parokia yetu sasa inazo 3. Zinakaa kwa katekista, na vigango vitakavyoandaa mzunguko kiangazi kijacho vinaweza kuziazima kwa kuandika jina daftarini na kuzirudisha zimeoshwa.