Mbwa Anapomeza Dawa za Mgonjwa

Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, na hata Malaba na Tororo, mbwa ndiye mlinzi wa nyumba ambayo mwenyewe yuko zamu. Hula makombo, na huokota alichokikuta chini. Pakiti ya vidonge iliyoachwa kando ya kitanda cha mgonjwa yaweza kumezwa yote, plastiki na karatasi yake ya fedha, kabla mtu hajageuka.

Jambo la kwanza si la mbwa. Ihakikishwe kwamba hakuna mtoto aliyeonja vidonge hivyo. Akishukiwa, apelekwe hospitali mara moja pamoja na mabaki ya pakiti, na mbwa angoje. Kisha vihesabiwe vidonge vilivyopotea, na jina la dawa lisomwe vizuri, maana dawa hazilingani. Parasetamoli huharibu ini la mbwa na kuufanya ufizi wake uwe wa kahawia. Kwa paka kidonge kimoja chatosha kuua. Ibuprofeni huchoma tumbo na kudhuru figo, na choo huwa cheusi kama lami.

Ya kuogopwa zaidi ni dawa ya kifua kikuu. Mwili wa mbwa hauna uwezo alio nao mwanadamu wa kuivunja isoniazidi. Miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito zaweza kumwua, na mitukutiko huanza kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Kidonge cha mchanganyiko wa dawa nne kina miligramu 75 za isoniazidi. Basi kwa mbwa wa kilo 12, vidonge 8 ni mauti. Kinga yake ni vitamini B6, ambayo daktari wa mifugo humpiga sindano ya mshipa kwa kipimo kinacholingana na isoniazidi iliyomezwa. Ndiyo sababu hesabu ile ina maana, na ndiyo sababu daktari atafutwe kabla dalili hazijatokea.

Mbwa anayetukutika na kutoa povu, majirani hudhani ana kichaa, na mawe huanza kurushwa. Afungiwe mahali penye utulivu, wala mtu asitie mkono kinywani mwake. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali.

Maziwa hayaondoi sumu. Maji ya chumvi ni sumu nyingine, na mkaa wa jikoni si mkaa wa dawa. Kumtapisha ni kazi ya daktari: ncha za plastiki zaweza kumkata koo zikirudi, na mwenye mitukutiko huvuta matapishi mapafuni.

Dawa ikishapita, pakiti bado imo. Kwa siku kadhaa aangaliwe: akitapika mara kwa mara, akikataa chakula, au akikosa choo, huenda utumbo umeziba, na hapo ni upasuaji. Kipande kikining'inia nyuma kisivutwe.

Naye mgonjwa mwenyewe asisahauliwe. Matibabu ya kifua kikuu huchukua miezi 6, na wapo watakaoona haya kusema kwamba dawa imeliwa na mbwa. Aende kliniki siku hiyo hiyo na mabaki ya pakiti, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.