Akiba na Pikipiki Kubwa

Apitaye barabara ya kutoka Thika kwenda Garissa hufika Landless, jirani ya Makongeni, ambako pikipiki zimepangwa kando ya njia tangu alfajiri. Jina la mahali hapo ni la Kiingereza, na maana yake ni watu wasio na ardhi. Lakini siku hizi mabango ya viwanja vya kuuza yamesimama kila upande, na mtu akipata shilingi mbili za ziada, jamaa zake wote humwambia anunue kiwanja. Kwa sababu hiyo kijana wa Landless asemaye kwamba anaweka akiba ili anunue pikipiki kubwa husikilizwa kama mgonjwa wa homa anayesema maneno yasiyo na kichwa.

Walakini tamaa hiyo haifai kuchekwa kabla ya kupimwa. Kwa kijana huyo pikipiki si chombo cha anasa alichokiona katika picha. Ndiyo jembe lake. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo zisizozidi cc 250, na kazi ya bodaboda, ambayo hapo kwanza ilikuwa ya baisikeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, ikaenea hata vijiji ambavyo havikuzoea sauti ya injini ila ya lori la mchanga. Huko Landless, na huko Ruiru vilevile, vijana wengi hupata chakula chao juu ya Bajaj Boxer au TVS, wakibeba abiria, mitungi ya gesi, kuku, mbao, na mara nyingine kabati zima. Mtu aketiye juu ya chombo saa 12 kila siku, si ajabu akiota chombo kilicho bora zaidi. Seremala huota randa nzuri, na hakuna amchekaye.

Basi na ipimwe. Mathalani anaitaka Africa Twin ya Honda. Pikipiki hiyo asili yake ni mashindano ya kutoka Paris hadi Dakar: pikipiki za Honda aina ya NXR750 zilishinda huko miaka 4 mfululizo, tangu 1986 hadi 1989, na mwaka 1988 kampuni ikaanza kuuza Africa Twin ya kwanza, ya cc 650, ili mtu asiye bingwa naye aonje safari ya jangwani. Ile iliyotolewa kwa mwaka 2020 ina injini ya cc 1,084, nguvu za farasi zipatazo 100, na uzito wa kilo 226. Boxer ya cc 150 ina nguvu za farasi 12 hivi. Tofauti hiyo ikumbukwe, kwa maana itarudi baadaye.

Bei yake huko Marekani mwaka huo wa 2020 ilikuwa zaidi ya dola 14,000. Dola moja ikihesabiwa kuwa shilingi 130 za Kenya, hizo ni shilingi 1,820,000, kabla ya nauli ya meli na kabla ya kodi. Sasa achukuliwe kijana wa miaka 24 ambaye, akisha kulipa petroli, oili, chakula na kodi ya chumba, huweza kuweka kando shilingi 300 kila siku ya kazi. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ana shilingi 7,800. Kwa mwaka, shilingi 93,600. Kwa mwendo huo, hata bei ile ya Marekani peke yake itamchukua miaka 19 na zaidi. Atakapotimiza fedha hiyo atakuwa na miaka 43, na yamkini atakuwa na mtoto anayemwomba ada ya sekondari. Hapo ndipo wengi huikunja karatasi ya hesabu na kuitupa, kisha huenda kutafuta mkopo.

Mkopo si dhambi. Lakini inafaa kutofautisha kile mtu anachoruhusiwa kukopa na kile anachoweza kulipa, kwa kuwa mambo hayo mawili hayana undugu. Vyama vingi vya akiba na mikopo hukopesha mwanachama mara 3 ya akiba yake, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi katika salio. Kijana yule akiweka akiba miaka 3 atakuwa na shilingi 280,800, na chama kitamruhusu kukopa 842,400. Akisikia hayo atafurahi sana. Lakini akitaka kuumaliza mkopo huo kwa miaka 4, atalipa zaidi ya shilingi 22,000 kila mwezi, naye ziada yake ni 7,800. Iliyobaki ataitoa wapi? Ataitoa katika chakula, katika tairi iliyokwisha ambayo angeibadilisha, na katika usingizi. Dereva aliyelala saa 4 ili afikishe malipo ya chombo ndiye anayetafutwa na lori la mchanga saa 11 alfajiri.

Jambo la kwanza, kwa hiyo, ni mahali pa kuiweka ile shilingi 300. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha ya vijana wengi hukaa simuni, na fedha iliyo simuni ni kama sukari iliyo mezani penye watoto. Hailindwi na kitu ila haya ya mwenyewe, na haya huisha jioni. Heri iende mahali ambapo kuitoa kuna usumbufu: katika hisa za chama cha akiba, au katika akaunti iliyofungwa kwa muda. Mwaka 2017 Serikali ilitoa hati ya dhamana iitwayo M-Akiba, ambayo mtu aliweza kuinunua kwa simu kwa shilingi 3,000 tu, na ililipa riba ya asilimia 10 kwa mwaka kwa miaka 3. Jambo kama hilo likitokea tena, mwendesha bodaboda hana sababu ya kudhani kwamba hati za Serikali ni za matajiri wa Nairobi. Na lipo lingine, ambalo huonekana dogo: daftari. Anayeandika kila jioni alichopata, alichotumia na alichoweka, hugundua baada ya mwezi kwamba shilingi 50 za soda na 100 za kubahatisha matokeo ya mpira zilikuwa nusu ya akiba yake.

Daftari hilo lina faida ya pili nyumbani. Mama wa kijana kama huyu aghalabu huwa na neno lake. "Mwanangu, dada yako ana ada ya muhula, na wewe waweka fedha ya kununulia jeneza lenye magurudumu?" Maneno hayo ni makali, lakini hayakutoka hewani. Mwaka 2023 zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya, na katika hesabu hizo waendesha pikipiki huwafuata watembeao kwa miguu kwa wingi. Mama amewaona vijana wa jirani wakirudi na mguu uliofungwa vyuma, na wengine hawakurudi. Kumjibu kwa mzaha ni utovu wa adabu, na kumficha ni vibaya zaidi. Akionyeshwa daftari, akaona kwamba ada ya dada imeandikwa ukurasa wa kwanza na pikipiki ukurasa wa nne, huenda asikubali, lakini atajua kwamba mtoto wake bado ana akili yake.

Hofu yake ya pili, ile ya jeneza, haiondolewi na fedha. Huondolewa, kwa kadiri iwezekanavyo, na mazoezi. Na hapa yafaa kusema wazi kwamba miaka ya kuweka akiba si miaka ya kungoja. Huko Uingereza sheria humlazimisha mtu kupanda ngazi. Wa miaka 17 huanza na pikipiki isiyozidi cc 125. Wa miaka 19 aweza kupata leseni ya ile isiyozidi kilowati 35, yaani nguvu za farasi 47. Na pikipiki kubwa isiyo na mpaka huipata akiwa na miaka 21 ikiwa amekwisha kukaa miaka 2 katika daraja la kati, la sivyo angoje hadi miaka 24. Huku Kenya mwenye leseni ya pikipiki na fedha mkononi aweza kushuka juu ya Boxer asubuhi na kupanda ya farasi 100 jioni. Sheria haikumwekea ngazi. Imempasa aijenge mwenyewe.

Na asidhani kwamba miaka 5 ya bodaboda ni mazoezi ya kutosha. Ni mazoezi mema sana ya mambo fulani: kupita penye msongamano wa Makongeni, kusoma mawazo ya dereva wa matatu kabla hajayawaza, kuendesha polepole katika matope ya mvua ndefu akiwa na abiria mzito. Walakini kazi hiyo hufundisha kasoro pia. Wengi waliofunzwa na rafiki uwanjani kwa siku 2 au 3 huogopa breki ya mbele, wakisema hupindua. Hutumia ya mguu peke yake. Ukweli ni kwamba pikipiki inaposimama uzito mwingi husogea mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu kubwa ya kuisimamisha. Breki hiyo hubanwa kwa kuzidisha polepole, si kwa kushtua. Anayetaka kuijua na aende penye lami tupu asubuhi ya Jumapili, aanze kwa kilomita 30 kwa saa, arudie mara 20, kisha aongeze. Kwa kilomita 50 kwa saa pikipiki huenda mita 14 kila sekunde. Kwa 100 huenda mita 28. Lakini nafasi ya kusimama baada ya kushika breki haiwi mara 2, huwa mara 4. Injini kubwa humfikisha mtu kwenye 100 kabla hajamaliza kufikiri kwamba anaongeza mwendo.

Njia za kujifunzia zipo karibu. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, humfundisha mtu kati ya Thika na Ruiru jinsi upepo wa basi unavyomsukuma na jinsi ya kutazama vioo kabla ya kuhama njia. Barabara ya kutoka Thika kupitia Gatundu Kaskazini hadi Magumu humfundisha kona, maana hupanda katika mashamba ya chai na kupita msitu wa Kieni, penye ukungu na baridi, na lami yenye unyevu. Njia za vumbi humfundisha kusimama juu ya vikanyagio na kuiacha pikipiki icheze chini yake. Hayo yote hufanyika kwa Boxer ile ile.

Kisha ije pikipiki ya kati. Shilingi 280,800 za miaka 3, pamoja na bei ya Boxer iliyotunzwa vizuri, zaweza kuifikia ya cc 250 iliyotumika, ama kuikaribia. Na mkopo mdogo wa mwaka mmoja ukijaza pengo, malipo yake hayatakula chakula. Asiyependa kukaa katikati akumbuke habari za Soichiro Honda. Mwaka 1946 alikuwa akifunga vijiinjini katika baisikeli. Pikipiki yake kamili ya kwanza, ya mwaka 1949, aliiita Dream, yaani ndoto, nayo ilikuwa ya cc 98, ndogo kuliko Boxer ya leo. Mwaka 1954 alitangaza kwamba atashindana katika mbio za kisiwa cha Man. Alikwenda lini? Mwaka 1959, tena kwa pikipiki za cc 125, na ya kwanza kati ya zake ikafika ya 6. Ushindi ulikuja mwaka 1961.

Katika kila ngazi mavazi yatangulie chombo. Kijana awezaye kutaja cc za pikipiki 10 huku amevaa helmeti iliyopasuka, ambayo kamba yake haifungi, hajaanza bado. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba helmeti nzuri iliyofungwa sawasawa hupunguza hatari ya kifo kwa zaidi ya asilimia 40. Glovu, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, na koti gumu lenye rifleta vihesabiwe katika bei ya pikipiki, si baadaye fedha ikipatikana, kwa sababu baadaye fedha haipatikani.

Ikifika siku ya kwenda kuitazama ile kubwa, huenda ikawa ni mwaka wa 10 au wa 12, lipo jaribio moja ambalo muuzaji mwema hatalikataa ikiwa pikipiki ni kuukuu na chini pametandikwa gunia. Ilazwe ubavu. Ikiwa imelalia upande wa kulia, kwanza stendi ya kushoto ifunguliwe, ili isije ikasimama na kuanguka upande wa pili. Gea iingizwe isiteleze. Mnunuzi aipe mgongo, akae kama anayetaka kuketi, ashike usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mkono wa pili, kisha arudi kinyumenyume kwa hatua fupi, miguu ikifanya kazi na mgongo ukiwa umenyooka. Ni kilo 226, na katika njia ya Garissa saa 8 mchana hatakuwapo wa kumsaidia. Akishindwa, apanguse vumbi, amshukuru mwenye pikipiki, na arudi Landless na fedha yake yote mfukoni.