Miaka 140 ya Karema: imani iliyoujali mwili

Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe, walikabidhiwa boma la Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Kutoka huko Injili ilipanda hadi uwanda wa juu wa Ufipa, na mwaka 1969 Jimbo la Karema likaitwa Jimbo la Sumbawanga. Leo Karema iko Jimbo la Mpanda, lakini jubilei hii ni yetu pia.

Wamisionari hao walileta fundisho gumu. Kwamba wafu hawako mbali, Mfipa alilijua tangu kale. Kwamba mwili uliozikwa utafufuka, hilo lilikuwa geni.

Hata kwa Wayahudi tumaini hilo lilikomazwa na mateso. Karne ya 2 kabla ya Kristo, mfalme Antioko aliwalazimisha kuiacha sheria yao, na Kitabu cha Pili cha Wamakabayo kinasimulia habari za ndugu saba waliouawa mbele ya mama yao. Mmoja aliinyoosha mikono yake ikatwe, akitumaini kurudishiwa na Mungu. Mafarisayo walilishika tumaini hilo, Masadukayo wakalikataa. Wanafunzi wa Yesu wakaja na habari kubwa zaidi: kilichongojewa siku ya mwisho kimekwisha kuanza, kwa mtu mmoja, Yesu aliyefufuka. Yapata miaka 25 baadaye Paulo aliwaandikia Wakorintho akitaja mashahidi: Kefa, wale Kumi na Wawili, na ndugu zaidi ya mia tano ambao wengi wao walikuwa bado hai. Kwa wale waliouliza miili itafufukaje, alijibu kwa mfano wa mbegu. Mkulima wa Ufipa, anayefukia majani ndani ya tuta yaoze ili apate chakula, humwelewa Paulo upesi.

Afrika nayo ilisema mapema. Mwanzoni mwa karne ya 3, Tertuliano wa Karthago aliandika kitabu kizima kuutetea ufufuko wa mwili. Na Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lililokuja Karema, alikuwa Askofu Mkuu wa Karthago hiyohiyo.

Kwetu, hata hivyo, fundisho hili lina sura ya Adrien Atiman. Alitekwa utotoni karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani, wamisionari wakamkomboa na kumpeleka Malta kusomea utabibu. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na tabibu, akabaki huko hadi alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyewahi kutiwa bei kama mali alitumia miaka 67 kutibu miili ya wengine, na wagonjwa wake ndio waliofundishwa naye katekisimu. Hatujui mahubiri ya Pasaka yanayoyazidi maisha hayo.

Kila Dominika tunaukiri ufufuko wa miili. Basi, katika jubilei hii tunaiomba kila jumuiya ndogondogo, kuanzia Sumbawanga mjini hadi vijiji vya mwambao, imtafute jirani mgonjwa asiye na bima ya afya, awe wa dini yoyote, na kumchangia matibabu.