Vibali vya kuegesha magari mitaani: nani mwenyeji, nani mgeni?

Halmashauri ya London inapotaka kuweka eneo jipya la vibali vya kuegesha magari, wakazi wa mitaa inayohusika hupelekewa barua. Ndani yake mna ramani, fomu ya maswali na tarehe ya mwisho ya kujibu. Katika nyumba nyingi za watu wetu barua hiyo huishia kwenye pipa la taka pamoja na matangazo ya pizza. Miezi kadhaa baadaye mafundi wanakuja kupiga rangi barabarani na kusimika mabango, na hapo ndipo kelele zinapoanza. Kwa kawaida zinakuwa zimeshachelewa.

Kwa wasomaji walioko nyumbani inafaa kufafanua kwanza. Ada ya maegesho inayojulikana Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa ni ile ya katikati ya jiji: umefika na gari, umeegesha, unalipa. Mfumo tunaouzungumzia hapa ni mwingine. Huu unahusu mtaa wa makazi, mbele ya mlango wako mwenyewe. Halmashauri inachora mpaka, inataja siku na saa, na ndani ya saa hizo hakuna anayeruhusiwa kuegesha isipokuwa mkazi aliyelipia kibali cha mwaka, au mgeni wake aliyenunuliwa tiketi ya wageni. Asiyekuwa na kimojawapo anapigwa faini, ambayo tangu Aprili 2025 inaweza kufikia paundi 160 katika London, ingawa akilipa ndani ya siku 14 hupunguziwa nusu. London ina halmashauri 32, ukiongeza na ile ya City, na kila moja ina bei zake, saa zake na masharti yake. Ukivuka barabara moja unaweza kuwa umeingia katika sheria nyingine kabisa.

Hoja ya kuanzishwa kwa maeneo haya si mbaya, na haifai kuibeza. Mtu anayekaa karibu na kituo cha treni anajua adha yake. Kila asubuhi watu kutoka nje ya jiji wanaacha magari mtaani kwake, wanapanda treni kwenda kazini na kurudi jioni. Waliokaa karibu na uwanja wa Wembley nao wanajua siku ya mechi inavyokuwa, na ndiyo maana mitaa ya pale ina utaratibu maalumu wa siku za mechi na matamasha. Mzee anayetoka hospitali na kukuta hana pa kusimamisha gari ila mtaa wa nne kutoka kwake ana haki ya kulalamika.

Suala la kama ni halali kumpendelea mkazi dhidi ya mpita njia lilishafikishwa mahakamani zamani, nchini Marekani. Kaunti ya Arlington katika jimbo la Virginia, jirani na Washington, ilitunga sheria ya kuzuia wafanyakazi wa maofisi ya karibu kuegesha katika mtaa wa Aurora Highlands, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni siku za kazi. Waliozuiwa walishitaki wakidai wanabaguliwa, na mahakama ya jimbo ikakubaliana nao. Lakini mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitengua hukumu hiyo. Ilisema kwamba kupunguza kelele, moshi na msongamano katika makazi ya watu ni lengo halali, na kwamba katiba haichukulii moja kwa moja kuwa kumtofautisha mkazi na asiye mkazi ni ubaguzi. Tangu hapo miji ya Marekani imeendelea kuweka vibali bila hofu hiyo.

Kwa hiyo kisheria mwenyeji alishinda. Lakini katika maisha ya kila siku, mwenyeji ni nani hasa, na mgeni ni nani?

Tuanze na mwenyeji. Ili upewe kibali London kwa kawaida lazima uthibitishe mambo mawili: kwamba unaishi kwenye anuani hiyo, na kwamba gari limeandikishwa kwenye anuani hiyo. Kwa mwenye nyumba si tatizo. Lakini aliyepanga chumba kimoja ndani ya nyumba ya mtu, ambaye jina lake haliko kwenye bili yoyote, atathibitisha nini? Na dereva wa teksi anayekodi gari kwa wiki, au fundi anayerudi nyumbani na gari la kampuni, itambidi atafute barua ya ziada. Watu hawa wanaishi mtaani humo, wanalala humo, watoto wao wanasoma humo, lakini mbele ya fomu wanageuka wageni.

Wapo pia wanaozuiwa moja kwa moja. Halmashauri nyingi za London huruhusu majengo mapya kwa sharti kwamba wakazi wake hawatapewa vibali vya mtaani. Lengo ni kupunguza magari, na katika jiji lenye treni na mabasi kila kona lengo hilo lina mantiki. Tatizo ni kwamba familia nyingi hugundua sharti hilo baada ya kuhamia. Unayetaka kupanga au kununua fleti katika jengo jipya, uliza suala hili kabla hujatia saini.

Sasa mgeni. Nani anakwenda mitaani kwa watu mchana wakati vibali vinafanya kazi? Si mwajiriwa wa benki peke yake. Ni mama anayekwenda kumwogesha mzee asiyejiweza, nyumba tano kwa siku, dakika 30 kila nyumba. Ni muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, ni mwalimu, ni fundi bomba. Hizi ndizo kazi wanazofanya wengi wetu huku, na ndiyo maana suala la maegesho linatuhusu kuliko linavyoonekana. Baadhi ya halmashauri hutoa vibali maalumu kwa wahudumu wa wazee, nyingine zina masharti magumu, na mhudumu anayepita katika halmashauri mbili kwa siku moja anahitaji kuzielewa zote mbili.

Kisha kuna desturi zetu. Utaratibu wa tiketi za wageni umetungwa ukimfikiria mgeni wa Kizungu: mmoja, aliyealikwa, anayekuja Jumapili kula chakula cha mchana. Sisi tukifiwa, watu wanakuja bila mwaliko, kutoka Leicester, Milton Keynes na Reading, siku tatu mfululizo, magari 20 mpaka 30. Hakuna mfiwa atakayekaa kwenye simu kuandikisha namba za magari ya waliokuja kumpa pole. Na zipo halmashauri zenye kikomo cha tiketi kwa mwaka kwa kila nyumba, yaani msiba mmoja unaweza kumaliza za mwaka mzima. Mitaa yenye misikiti nayo ina habari yake kila Ijumaa, hasa pale vibali vinapofanya kazi adhuhuri.

Juu ya hayo, halmashauri nyingi zimeacha vibali vya karatasi na kuhamishia kila kitu kwenye mtandao. Mzee aliyezoea kukwangua tiketi na kuiweka kwenye kioo cha gari sasa anaambiwa afungue akaunti kwa barua pepe. Wengi humsubiri mjukuu atoke skuli.

Hata huyo aliyepata kibali, amenunua nini? Hajanunua nafasi. Hesabu yake ni nyepesi. Nyumba za zamani za London zilizoshikana ukuta kwa ukuta nyingi zina upana wa takriban mita 5 mbele, na gari moja pamoja na nafasi ya kuingia na kutoka huchukua kiasi hicho hicho. Yaani kila nyumba ina ukingo wa barabara wa kutosha gari moja tu. Nyumba hiyo ikigawanywa kuwa fleti tatu, na kila fleti ina gari, hakuna kibali kitakachoongeza urefu wa barabara. Kama magari yanayojaza mtaa ni ya wageni wa kituo cha treni, kibali kitasaidia sana. Kama ni ya wakazi wenyewe, kibali kitakuwa ada ya kutafuta nafasi ambayo jana ulikuwa ukiitafuta bure. Tofauti hii ndogo ndiyo inayoamua kila kitu, na ajabu ni kwamba barua za halmashauri mara nyingi hazisemi wazi mtaa wako uko kundi gani.

Lipo na la kuambukizana. Mtaa mmoja ukiwekewa vibali, waliokuwa wakiegesha hapo hawauzi magari yao wote. Baadhi wanahamia mtaa wa pili. Mtaa wa pili, ambao mwaka jana ulikataa, sasa unaomba nao. Ramani inakua hivyo hivyo mpaka halmashauri nzima au karibu yote inakuwa chini ya vibali, na kila hatua inaelezwa kuwa ni ombi la wakazi. Kusema kweli ni ombi lao, lakini ni la mtu aliyemwagikiwa na maji ya jirani.

Wengi wanaamini lengo ni kuchuma fedha. Hapa sheria ya Uingereza iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya mwaka 1984 inayosimamia mambo ya barabara inaipa halmashauri uwezo wa kutoza ada ya kibali, lakini si kama kodi. Mwaka 1995 Mahakama Kuu ilifuta eneo la vibali la Primrose Hill, katika halmashauri ya Camden, kwa sababu wakazi hawakushauriwa ipasavyo, na jaji akaeleza kwamba sheria hiyo si ya kukusanyia mapato. Halmashauri ya Barnet haikuzingatia hilo. Mwaka 2011 ilipandisha kibali kutoka paundi 40 hadi 100 kwa mwaka, na tiketi ya mgeni kutoka paundi 1 hadi 4, ili ziada igharamie shughuli nyingine za barabara. Mkazi mmoja aliipeleka mahakamani kwa niaba ya wenzake, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ongezeko hilo halikuwa halali.

Haina maana kwamba ziada ni haramu. Ikipatikana, sheria inataja inakoweza kwenda: maegesho yenyewe, usafiri wa umma, matengenezo ya barabara na mengine ya aina hiyo. Kinachokatazwa ni kuweka bei kwa nia ya kujaza hazina.

Wajerumani nao wamekwama hapo hapo. Kwa miaka mingi kibali cha mkazi hakikuweza kuzidi euro 30.70 kwa mwaka. Kikomo hicho kilipoondolewa 2020, mji wa Freiburg ulipandisha hadi euro 360 kwa magari ya wastani, madogo yakilipa 240 na marefu 480. Juni 2023 mahakama ya Leipzig ikaitupa kanuni hiyo. Mahakama haikusema euro 360 ni nyingi mno. Ilisema njia iliyotumika kuitunga haikuwa sahihi, na ngazi za bei ziliruka kupita kiasi. Huko Paris, tarehe 4 Februari 2024, wapiga kura waliulizwa kama magari mazito ya wasio wakazi yatozwe mara tatu, yaani euro 18 kwa saa katikati ya jiji. Asilimia 54.55 walisema ndiyo, lakini waliojitokeza kupiga kura hawakufika asilimia 6 ya walioandikishwa.

Hiyo asilimia 6 ndiyo inayotugusa sisi. Barua za London nazo hujibiwa na wachache, na wachache hao mara nyingi ni wenye nyumba, wenye muda, wasiopata shida na Kiingereza cha maofisi. Matokeo yanachapishwa kwamba wengi wa waliojibu wameunga mkono, na ni kweli.

Kosa la pili, kwa maoni yangu, ni kwamba hata wetu wachache wanaojibu hubishana juu ya ndiyo au hapana. Palipo na kituo cha treni, vibali vitakuja tu. La kugombania ni saa. Halmashauri kadhaa za pembezoni mwa London hutumia vibali saa moja au mbili tu kwa siku, kwa mfano kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Saa moja hiyo inatosha kumfukuza anayetaka kuacha gari kutwa nzima na kupanda treni, lakini mchana, jioni na siku za mapumziko mtaa unabaki wazi kwa ndugu, kwa arusi, kwa msiba na kwa sala. Mtaa mwingine wenye tatizo lile lile unawekewa saa 2 asubuhi hadi saa 4 usiku, siku saba. Fomu nyingi huuliza swali la saa, tena chini kabisa, baada ya mtu kuchoka.

Baada ya fomu, amri yenyewe ya barabara hutangazwa, na kuanzia hapo kuna siku 21 za kupeleka pingamizi kwa maandishi. Lililoandikwa humo halmashauri inalazimika kulizingatia. Lililosemwa barazani baada ya swala, hapana. Halmashauri ikitumia amri ya majaribio, utaratibu hugeuka: vibali vinaanza kwanza, pingamizi hupokelewa katika miezi 6 ya mwanzo, na jaribio halivuki miezi 18 kabla ya kuamuliwa libaki au liondoke.